Kalamu Iliyofungwa Kifuniko

Nakala ya mwalimu ya A Doll's House imevikwa karatasi ya kaki, na ndani kila ukurasa una alama za penseli. Wino hautumii kitabuni. Kila mwaka aliisoma tamthilia hiyo upya kabla ya kuingia nayo darasani, akafuta baadhi ya alama na kutia nyingine. Mstari wima pambizoni ni mahali pa kusoma kwa sauti. Duara dogo ni siri ya mhusika. Msalaba ni mahali ambapo wanafunzi wa mwaka uliotangulia walipotea, na hapo ndipo mwalimu huyu alikaa zaidi, akitafuta swali litakalowarudisha njiani hawa wapya.

Nilipomtembelea, tamthilia hiyo ya Henrik Ibsen, ya mwaka 1879, ilikuwa miongoni mwa vitabu vya lazima katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, pamoja na riwaya ya H. R. Ole Kulet, Blossoms of the Savannah. Kidato cha tatu cha shule moja ya kutwa katika kaunti ya Kilifi kilikuwa kikiisoma kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wao huiacha getini wanaporudi nyumbani kwenye Kigiriama na Kiswahili. Mimi niliruhusiwa kuketi dawati la nyuma.

Mwalimu alianza kwa kugawa sauti. Msichana mmoja akawa Nora, mvulana mmoja akawa mumewe Torvald, na wa tatu akapewa maelezo ya jukwaani, yale ambayo wasomaji wengi huyaruka. Nora anaingia na vifurushi vya Krismasi, anakula biskuti tamu kwa kificho, kisha anajifuta mdomo kabla ya kumwita mumewe. Hapo mwalimu akasimamisha usomaji.

"Amejifuta mdomo kwa nini?"

Jibu la kwanza lilikuja upesi: Nora ni mwongo. Mwalimu hakulikataa. Aliuliza, "Umejuaje?" Mvulana akasema kwamba mbele kidogo Nora anakana kuwa amekula. "Ukurasa gani?" Darasa zima likafungua vitabu kutafuta. Ndipo yule aliyekuwa akisoma sehemu ya Nora akasema, bila kupandisha sauti, kwamba mama wa watoto watatu akikatazwa biskuti na mumewe, basi amefanywa mtoto. Kama ulitarajia asifiwe, ulikosea. Aliulizwa maswali yaleyale mawili: umejuaje, ukurasa gani. Dakika 40 za kipindi zikaisha wakiwa wamepita kurasa chache tu, na hakuna aliyeonekana kujali.

Siku ya insha, swali liliandikwa juu ya ubao: kwa kurejelea tamthilia, onyesha jinsi siri zinavyoweza kuharibu ndoa. Chini yake mwalimu akachora safu tatu: dai, tukio, maana. Safu ya katikati ilijaa haraka. Nora alighushi sahihi ya babake ili apate mkopo kwa Krogstad. Alimficha mumewe kwamba safari ya Italia ililipiwa kwa deni. Alifanya kazi ya kunakili kwa siri ili apate fedha za kulilipa. Safu ya tatu ilibaki tupu, naye akaiacha hivyo. Alisogea dirishani akasubiri. Angeijaza mwenyewe, insha zote za darasa zingekuwa insha yake.

Madaftari yalipofika chumba cha walimu, aliyapanga mafungu ya kumi kumi. La kwanza akalisoma kalamu nyekundu ikiwa imefungwa kifuniko. Usomaji huu hauna alama wala tiki. Lengo lake ni kujua mwanafunzi alikuwa akijaribu kusema nini, kabla ya kuhesabu alichokosea. Ukisoma na kalamu wazi mkononi, alinieleza, jicho hukamata tahajia na wazo likapita.

Usomaji wa pili ni wa hoja, na hufanywa kwa penseli. Mgawanyo wa alama katika insha ya namna hii walimu wanaufahamu: jumla ni 20, mbili za utangulizi, 12 za hoja nne zenye alama tatu kila moja, mbili za hitimisho na nne za lugha. Mgawanyo huo unasema alama zinakaa wapi. Hausemi hoja iliyofika nusu inafananaje.

Mvulana mmoja alikuwa ameandika aya ndefu juu ya Krogstad: barua yake, kisanduku cha barua, hofu ya Nora, na ngoma ya Kiitalia aliyoicheza ili Torvald achelewe kukifungua. Kila tukio lilikuwa sahihi na limefuatana ipasavyo. Hata hivyo yalikuwa masimulizi, wala hayakuwa yamethibitisha lolote. Msahihishaji mwenye haraka angempa tatu kwa kuwa anakijua kitabu, au moja kwa kuwa hakujibu swali. Mwalimu alirudi juu akaisoma tena aya hiyo polepole, na katika mstari wa mwisho akakuta maneno machache: kwamba Nora alicheza kama mtu anayekimbia. Hapo akaweka tiki. Wazo lilikuwepo, limefunikwa na hadithi. Akachora mstari wa mawimbi kando ya masimulizi yote, na mshale kutoka sentensi ile ya mwisho hadi mwanzo wa aya. Pembeni akaandika swali: alikuwa akikimbia nini? Hoja ikapata alama mbili.

Ni katika usomaji wa tatu, wa lugha, ndipo kalamu nyekundu ilipofunguliwa. Katika aya ileile Nora alikuwa ametajwa mara tano kwa kiwakilishi cha mwanamume. Mwalimu anajua kosa hilo linakotoka, maana Kigiriama na Kiswahili hutosheka na neno moja kwa mume na kwa mke. Alipigia mstari la kwanza tu, akaandika juu yake kiwakilishi kinachofaa, na pambizoni akaongeza: mengine manne yatafute mwenyewe. Maneno matatu yaliyokosewa tahajia aliyazungushia duara bila kuyarekebisha. Alipofika kwenye koma, nyingi zikiwa mahali pasipo pake, kalamu ilisita kisha ikapita. Zamu ya koma ingekuja. Daftari likijaa wekundu, mwanafunzi hajui aanzie wapi, na asiyejua pa kuanzia hulifunga.

Kila fungu likiisha, hurudi kwenye daftari lake la kwanza. Huweka insha mbili zenye alama sawa bega kwa bega, akalinganisha aya kwa aya. Anajua kwamba msahihishaji hubadilika kadiri anavyochoka, na insha ya saa kumi alasiri yaweza kupata uvumilivu ambao ile ya saa tatu usiku haipati. Jioni hiyo alishusha alama za insha moja yenye mwandiko safi, kwa sababu hoja yake ya tatu ilikuwa ni ile ya kwanza iliyobadilishwa maneno. Akapandisha nyingine yenye mwandiko wa kuparura, ambayo hoja zake nne zilikuwa nne kweli.

Maoni yake chini ya insha hayazidi mistari mitatu. Wa kwanza hutaja jambo moja lililofanikiwa na mahali lilipo. Wa pili hutoa kazi moja ya kufanya. Wa tatu ni swali. Neno "vizuri" likiwa peke yake sikuliona popote.

Madaftari yalirudi darasani bila alama za jumla. Alikuwa amezinakili katika daftari lake mwenyewe, zisomwe baada ya rasimu ya pili. Wachache walinung'unika, kisha wakainama kusoma maoni, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kusoma. Mvulana wa Krogstad aliufuata mshale kwa kidole, akainua mkono.

"Madam, naweza kuanza na mwisho?"

"Jaribu tuone."

Aya yake mpya ilianza na kukimbia. Nora, aliandika, alikuwa akiikimbia saa ambayo mumewe angejua ameoa mtu gani, na ndoa inayotegemea saa hiyo isifike imekwisha kuvunjika. Ngoma na kisanduku cha barua vikafuata vikiwa ushahidi, na matukio mengine yote akayatupa. Viwakilishi vinne alivipata, kimoja kipya kikamponyoka.

Mwalimu aliisoma kama alivyoisoma ya kwanza: kalamu imefungwa, kisha penseli, kisha wino. Juhudi hakuipa alama. Hoja ilipata tatu kwa sababu ilizistahili, na chini yake akaandika swali la kazi inayofuata: je, Torvald naye alikuwa akikimbia nini?