Waopoaji wa Konokono

Kuna mzee mmoja Kiabakari, si mbali na ulipokuwa mgodi wa zamani wa dhahabu, anayefuga sato katika bwawa alilolichimba mwenyewe. Ukitaka kumwona kazini, mwahi alfajiri. Huingia majini na gambuti hadi magotini, mkononi ana chekeche la waya alilolifunga kwenye mpini mrefu. Hatimui tope. Husogea hatua moja, akasimama mpaka maji yatulie, ndipo akaliinua jani la yungiyungi kwa ncha ya mpini na kulitazama upande wa chini. Huko ndiko konokono hutaga: ute mwembamba, unaopitisha mwanga, wenye mayai ambayo kijana mwenye macho mazima angeyapita bila kuyaona. Jani lenye ute hulikata na kulirusha ukingoni likaangwe na jua. Wale wakubwa huwaopoa kwa chekeche taratibu, kwa kuwa konokono akishtuka hujiachia na kuzama, na ukishampoteza topeni, leo humpati tena.

Jua likianza kuchoma, anatoka. Vimelea vya kichocho humtoka konokono kwenye mwanga, na huzidi kadiri adhuhuri inavyokaribia; anayejua hilo hafanyi kazi hii saa sita mchana.

Nilimuuliza kama ipo siku atawamaliza. "Mwanangu, hawa hawaishi," akanijibu. "Mimi kazi yangu ni kuamua wabaki wangapi." Kwa maneno hayo machache aliufunua ufundi wenyewe. Wengi wa konokono hawa wana udume na ujike ndani ya gamba moja. Akisalia mmoja peke yake, anaweza kujizalisha na kulijaza bwawa upya. Wapo pia wa malambo, ambao kiangazi kikikausha maji hujifukia topeni wakangoja masika. Kiumbe wa namna hiyo hashindwi kwa pigo moja. Anadhibitiwa na mtu anayerudi kesho, na kesho kutwa, na baada ya mvua.

Tena mzee huanza kumdhibiti kabla hajamgusa. Pumba huitupa kwa viganja, akangoja sato waimalize ndipo aongeze. Kinachozama bila kuliwa ni karamu ya konokono. Kwa hiyo wingi wa konokono humweleza jinsi alivyolisha wiki zilizopita, na hupunguza mkono kabla ya kutafuta dawa.

Naandika haya kwa sababu nimeona kinyume chake. Kwenye ukumbi wa hoteli moja mjini Musoma palikuwa na tangi la kioo, limepandwa majani mazuri ya majini, taa juu yake, na konokono wadogo wametapakaa kioo kizima. Chakula kilikuwa kimelala chini kama vumbi la sebule isiyofagiwa. Kipande cha tango kingetosha: unakizamisha jioni, asubuhi unakitoa na waliokusanyika juu yake, unarudia. Badala yake ilimwagwa dawa. Konokono walikufa kwa pamoja, wakaoza kwa pamoja, na samaki wakafuata. Tumeingiwa na haraka inayoona aibu kuinama, hata mbele ya tangi ambalo mtu angeliinamia kwa raha.

Wajapani hawakuona aibu hiyo. Katika bonde la Kofu, mkoani Yamanashi, ambako kichocho cha huko kiliwaua wakulima kwa vizazi, wanakijiji walitembea kwenye kingo za mashamba ya mpunga wakiokota konokono mmoja mmoja kwa vijiti vile vile vya kulia chakula. Baadaye zikaja dawa na mifereji ya zege, lakini kazi ilianza kwa macho na vidole. Mwaka 1996 mkoa ulitangaza kwamba ugonjwa umekwisha. Na huko Kurume, kando ya mto Chikugo, lipo jiwe la kumbukumbu lililosimamishwa kwa ajili ya konokono wenyewe, waliofutwa ili watu wapone. Nawaheshimu sana watu walioua kwa lazima, kisha wakakumbuka kwamba walichokiua kilikuwa na uhai.

Kanda ya Ziwa nayo ilikuwa na waopoaji wake. Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani na serikali yetu walianzisha mradi wa kichocho kule Mwanza, na kazi ya konokono ikafundishwa kama elimu kamili: kuwatafuta, kuwatambua, kuwahesabu, kuwaua. Halafu vikaja vidonge vya kutibu watu, vizuri na vya bei nafuu, na hapana mwenye akili atakayevikataa. Ila kwa kuwa mgonjwa anapona, lambo likasahaulika. Mtoto humeza dawa shuleni, jioni anarudi kwenye maji yale yale.

Ziwa Victoria lenyewe lilikuwa na mafundi wake. Miongoni mwa samaki waitwao furu yumo mmoja, ambaye wataalamu humwita Astatoreochromis alluaudi, mwenye taya la pili kooni, zito, lenye meno bapa, la kuvunjia magamba ya konokono. Magharibi mwa Kenya walijaribu kumpandikiza mabwawani afanye kazi hiyo. Lakini mwaka 1965 Mwingereza P. H. Greenwood alikuwa ameshaandika jambo lisilonitoka moyoni: samaki hao wakikulia kwenye matangi ya kioo kwa chakula laini, taya lile halikomai. Linabaki jembamba. Samaki ni yule yule, damu ni ile ile, ila hakupewa kigumu cha kuvunja, na nguvu ya mababu zake haikumjia.

Kisha sangara, aliyekuwa amemwagwa ziwani miongo ya nyuma, alistawi, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka, wavunja konokono wakiwa miongoni mwao. Magugu maji nayo yakaja na kuwapa konokono vivuli vipya kwenye ghuba zetu. Sangara alileta viwanda na fedha, nasi tulizipokea. Sikumbuki kusikia mtu akiuliza ni nani sasa atakayekula konokono.

Baadhi ya furu wa ziwa letu leo wanaishi kwenye vioo vya Ulaya na Marekani, na wapo watu wanaoamka mapema kuwapimia chakula, kuyachambua majani yao na kuwatolea konokono kwa mkono. Huku kwetu mtoto anaingia lamboni na ndoo saa sita mchana, na tangu masika hakuna mtu mzima aliyeinama kuyatazama maji yale.