Fundi wa Kutega

Mwishoni mwa mwaka 1935 gazeti la Daily Express la London lilichapisha kwa mfululizo riwaya mpya ya Agatha Christie, The ABC Murders, na pamoja na hadithi likawa linachapisha makisio ya wasomaji. Watu wakaandika wanavyodhani, kila mmoja akitaka kumwahi mpelelezi. Hadithi yenyewe ilikuwa imekwisha kuandikwa; kitabu kilitoka Januari 1936, wiki chache tu baadaye. Mwandishi hakuwa na nafasi ya kugeuza mwisho ili amkwepe msomaji hodari. Alichoficha kilikuwa kimekwisha fichwa, na alichokiacha wazi kilikuwa kinasomwa asubuhi na umma mzima. Katika uandishi sijui mtihani mgumu kuliko huo.

Kisa kinaanza na barua. Mpelelezi Hercule Poirot anaandikiwa na mtu anayejiita A.B.C., ambaye anamtajia mji wa Andover na tarehe. Siku inapofika, Alice Ascher, mwanamke mzee mwenye kiduka cha tumbaku na magazeti, anakutwa ameuawa. Halafu Betty Barnard, mhudumu wa mkahawa, ananyongwa ufukweni Bexhill kwa mshipi wake mwenyewe. Halafu Sir Carmichael Clarke, tajiri mkusanyaji wa sanaa za Kichina, anapigwa kichwani katika matembezi yake ya jioni huko Churston. Penye kila maiti pana kitabu cha ratiba za treni, kile kilichoitwa ABC kwa kuwa kilipanga stesheni kwa alfabeti. Miji hiyo mitatu ipo kweli: Andover katika jimbo la Hampshire, Bexhill kwenye pwani ya Sussex, na Churston huko Devon, si mbali na Torquay alikozaliwa Christie mwaka 1890. Jina la muuaji sitalitaja. Anayemfichulia mwenzake mwisho wa riwaya ya namna hii amemnyang'anya kitu ambacho hakitarudi tena.

Jambo la kwanza linalonistaajabisha ni jinsi kila kifo kilivyopewa nyumba yake. Bibi Ascher ana mume mlevi ambaye amekuwa akimtishia kwa miaka. Betty ana mchumba mwenye wivu mkali, na dada anayemfahamu kuliko anavyotaka kukiri. Sir Carmichael ana mke mgonjwa mahututi, ana katibu mrembo, ana mali. Kila mmoja wa watu hawa angeweza kubeba riwaya nzima, na majirani wa mji mdogo wangekuwa na mshukiwa wao kabla maiti haijazikwa. Kinachowaokoa ni herufi. Barua ya pili inapofika, mume mlevi wa Andover anakuwa mtu asiye na umuhimu: maskini, kumbe hakuhusika, ni mwendawazimu fulani anayezunguka na treni. Msomaji anapumua, na katika kupumua huko ameacha kuuliza maswali ambayo ukurasa mmoja tu nyuma aliyaona ya lazima. Mwandishi hakumwambia aache. Aliijua hofu yetu sisi sote ya muuaji mgeni asiye na sababu, akaiachia ifanye kazi.

Hapo ndipo ninapouona ufundi wenyewe. Tumezoea kusema kwamba mwandishi wa hadithi za siri hucheza na dalili: kitako cha sigara, saa iliyosimama, barua iliyochanika. Hizo ni vifaa tu. Mali ghafi yake hasa ni fikra za msomaji, na hizo lazima azijue kabla hazijatokea, kwa mtu asiyemwona, aliyeko ndani ya basi au kitandani, makumi ya miaka baadaye.

Tazama anavyomwingiza Alexander Bonaparte Cust. Hadithi inasimuliwa na Kapteni Hastings, rafiki wa Poirot, lakini katikati ya masimulizi yake zinachomekwa sura fupi ambazo tunaambiwa waziwazi kwamba hazitoki katika masimulizi yake binafsi. Ndani yake kuna mtu mnyonge, askari wa zamani wa vita kuu, mwenye maumivu ya kichwa na kifafa, anayechuuza soksi za kike mlango kwa mlango. Herufi za mwanzo za majina yake ni zile zile. Miji anayokwenda ni ile ile. Wasomaji wa kitabu hiki niliowahi kuzungumza nao hugawanyika hapa. Wako wanaosema siri imeharibiwa mapema mno, na wako wanaosema hapana, haiwezi kuwa rahisi hivi. Sijapata kukutana na aliyebaki bila upande. Binafsi kinachonigusa ni swali ambalo sura hizo zinatuachia bila kulitamka: kwa nini tunakuwa tayari namna hii kumhukumu mchuuzi maskini mwenye suti iliyochakaa, mgonjwa, asiye na ndugu? Kama ni yeye au siye, kitabu kitasema. Utayari wetu ni wetu wenyewe.

Kwa msomaji wa Kiswahili mchezo huu si mgeni. Kitendawili kikitegwa na wasikilizaji wakashindwa, mtegaji hudai mji, na hawezi kutoa jibu kabla hajapewa. Mji huo ni ada ya kushindwa, na ada ina maana pale tu ambapo jibu linaweza kupatikana kutokana na maneno yaliyosemwa. Mtegaji anayeficha nusu ya kitendawili hastahili hata kijiji. Waandishi wa Uingereza wa wakati ule waliichukulia haki hii kwa uzito huo huo. Padri Ronald Knox alitoa kanuni zake kumi mwaka 1929, na mwaka uliofuata likaundwa kundi lao, Detection Club, ambalo Christie alikuwa miongoni mwa wanachama wake wa mwanzo. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha waudhi wengi mwaka 1926 kwa The Murder of Roger Ackroyd, kisa cha kijijini ambacho S. S. Van Dine wa Marekani aliona hila yake si halali. Mwandishi mwenzake Dorothy L. Sayers alimtetea: kumshuku kila mtu ni kazi ya msomaji. Niko upande wa Sayers. Kirudie kitabu kile sentensi kwa sentensi, hutakuta uongo.

Mhakiki Edmund Wilson hakujali. Mwaka 1945 aliandika katika The New Yorker makala ambayo kichwa chake tu kilitosha kuonyesha dharau, akiuliza nani anajali aliyemuua Roger Ackroyd. Aliitaka nathari nzito na wahusika wenye kina, akavikosa, akafunga kitabu. Lakini sentensi katika riwaya ya aina hii ina kazi ambayo sentensi ya Wilson haikuwahi kupewa. Inapaswa kuwa kweli mara mbili: kweli kwa anayesoma bila kujua, na kweli kwa namna nyingine kabisa kwa anayerudi akijua. Unyoofu wa lugha ya Christie, ule ambao wahakiki waliuita ukavu, ndio unaoiwezesha sentensi kubeba maana zote mbili bila kuyumba. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali huko Torquay, na riwaya yake ya kwanza, iliyotoka 1920, ilisifiwa na jarida la wafamasia kwa jinsi ilivyoielewa sumu. Alijivunia sifa hiyo, na ninaelewa kwa nini: aliyezoea kupima dawa anajua kwamba kiasi ndicho kila kitu.

Ufundi huu ulifika kwetu ukiwa umevaa kanzu. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alishinda mashindano ya uandishi ya 1957–58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa 1960, na akampa msomaji mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Aliyeuawa, Bwana Ali Bomani, anakutwa mzimuni, na msomaji wa Unguja analetewa maelezo ambayo kila mtu kijijini angeyakubali upesi. Abdulla alijifunza kwa Sherlock Holmes, lakini imani ya mizimu anayoitumia kumpoteza msomaji ni ya hapa hapa, kama Christie alivyoitumia hofu ya Waingereza ya mwendawazimu wa kwenye treni.

Msomaji akiniambia alimjua muuaji wa Andover tangu mwanzo, simbishii. Namwuliza kama amerudi kuisoma dibaji. Humo Hastings anakiri kwamba matukio mengine hakuyashuhudia, na kwamba mawazo ya watu wengine ameyaandika yeye, Poirot akayapitia na kuyaridhia. Wengi huuvuka ukurasa huo ili wayafikie mauaji upesi, na Christie alijua kwamba watauvuka.