Wasuka Daraja la Apurímac

Kila Juni, katika milima ya Andes nchini Peru, daraja la Q'eswachaka hukatwa likaangukia mto Apurímac. Baada ya siku chache lingine huning'inia pale pale, urefu wa takribani mita 28, na kamba zake zote ni za nyasi.

Pongezi ni za jamii nne za Waquechua, warithi wa ufundi huu tangu enzi za Wainka. Kila familia huleta kamba nyembamba iliyosokotwa kwa viganja. Nyembamba huunganishwa zikawa nene, nene zikasukwa tena hadi kufikia unene wa paja. Kisha huja kazi ya kusisimua mwili: mafundi hukaa juu ya kamba zilizotandazwa, mto ukinguruma chini, wakisuka kuta za pembeni kutoka kila ng'ambo mpaka wakutane katikati.

UNESCO iliutambua ujuzi huu mwaka 2013.

Janga la korona lilipozuia ukarabati, daraja lilichoka, likakatika Machi 2021. Juni mwaka huo huo, wenyewe walikuwa wamelisuka upya.