Hame na Mwaka 1863

Watu husema ya kale ni dhahabu, lakini hawatuambii kitu huanza lini kuwa cha kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inatuambia: kitu cha kuhamishika kilichotengenezwa na mtu kabla ya mwaka 1863. Cha baadaye, ukiacha vichache kama milango iliyochongwa kabla ya 1940, hungoja tangazo la Waziri.

Nina ugomvi na mwaka huo. Ulianzia kwenye hame la bibi yangu, katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga. Tulipohama tulichukua milango na boriti nzima. Nyasi za paa zikaoza, mchwa wakala fito, mvua zikairudisha kuta kuwa udongo. Yamebaki mafiga matatu, majivu na vigae vya chungu. Hakuna aliyevizika vigae hivyo. Vilizama vyenyewe, kidogo kidogo.

Sasa shamba la ngoro limefika hapo. Nyasi zilizofyekwa hulazwa kwa mistari inayokatizana, kisha udongo wa katikati huchimbwa kuzifunika, mashimo yakabaki. Jembe huibua kigae hapa na kukifukia pale. Atakayechimba baada ya miaka mia tatu atakuta habari zetu zimevurugwa.

Nikateremka hadi Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Hapo, tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Vitabu vinalikumbuka tukio hilo. Lakini meli yenyewe ilikuja kutengenezwa, ikaitwa King George V, ikaondoka. Yenye kuandikwa iliondoka. Mafiga yasiyoandikwa popote yamebaki.

Sikatai kwamba sheria huhitaji mpaka, la sivyo kila gae litakuwa kesi. Ninacholaumu ni kwamba mpaka huo umetufundisha kudharau vyote vilivyo upande wa huku. Mwaka hauzeeshi kitu. Kinachokizeesha ni kuachwa, kufunikwa, na kufa kwa wale waliojua kilikuwa cha nani.

Nilimwomba kijana mwenye shamba ayaruke mafiga yale. Akaegemea jembe lake, akauliza, “Kwani mzee, haya ni ya kale?”

“Bado,” nikamjibu. “Ndiyo kwanza yanaanza.”