Ufundi wa Kuongeza bila Kupokonya

Kubuni sintaksia ya lugha ya programu, yaani kanuni zinazoamua maneno na alama zipangwe vipi ili kompyuta izifuate, ni ufundi unaostahili heshima kubwa kuliko ile unayopewa, na ugumu wake hasa huanza pale lugha inapokuwa imeshazoeleka na watu wakaanza kudai kiongezwe hiki au kile. Anayedai huwa na hoja ya kweli, kwa kuwa kuna jambo analoliandika kila siku kwa mistari minne ambalo lingetoshwa na mmoja. Lakini kanuni mpya haiishii kwa aliyeiomba. Kila atakayesoma msimbo wa mwenzake atalazimika kuijua.

Mvutano kama huo, wa haja ya mmoja na mzigo wa wengine, haupo katika lugha za programu peke yake. Huko Kasulo, mtaa wa mji wa Kolwezi katika jimbo la Lualaba, madini ya kobalti, ambayo hutumika katika betri za kompyuta mpakato nyingi, yaligunduliwa chini ya makazi mwaka 2014. Wakazi walichimba mashimo viwanjani mwao, wengine ndani ya nyumba zenyewe, na njia za chini zikafuata madini pasipo kujali mipaka, hata aliyeanzia kwake akajikuta yuko chini ya jirani. Haja ya mchimbaji ilikuwa ya kweli, na hofu ya jirani vilevile. Mjadala wa sintaksia una pande hizo mbili, ingawa ndani yake hakuna anayehatarisha maisha.

Katika Python, lugha iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, pendekezo kubwa huandikwa katika waraka rasmi unaoeleza sababu za badiliko, athari zake kwa programu zilizopo na hata mawazo yaliyokataliwa. Mwaka 2018 waraka wa 572 ulipendekeza alama :=, inayomwezesha mwandishi kulipa jina thamani na kuitumia thamani hiyo papo hapo, ndani ya sharti lilelile. Ulikubaliwa, ila kwa mabishano makali kiasi kwamba mwezi Julai van Rossum aliiacha nafasi ya mwenye uamuzi wa mwisho.

Ufundi wenyewe, hata hivyo, huonekana vizuri zaidi katika maneno mawili. Toleo la 3.7, la mwaka huohuo, lilikamilisha kulifanya "async" kuwa neno lililotengwa, yaani neno ambalo lugha imelitwaa na mwandishi haruhusiwi tena kulitumia kama jina. Onyo lilikuwa limetangulia, na bado programu zilizokuwa na jina hilo ziligoma kufanya kazi. Mwaka 2021, katika toleo la 3.10, likaja "match", la kulinganisha thamani na maumbo yanayotarajiwa. Neno hilo lilikuwa tayari jina la kazi mashuhuri katika maktaba ya kutafutia ruwaza za maandishi, hivyo kulitwaa kungevunja msimbo mwingi mno. Kwa bahati njema, toleo la 3.9 lilikuwa limeleta kichanganuzi kipya, yaani sehemu inayosoma msimbo na kutambua muundo wake, chenye uwezo wa kutazama mbele kabla ya kuamua. Wabunifu waliutumia uwezo huo kwa uungwana wa kupendeza: linapoanzisha tamko la ulinganishi, "match" lina nguvu ya kanuni, kwingineko kote hubaki jina la kawaida, mali ya yeyote aliyekuwa akilitumia, na msimbo wake haukuhitaji kubadilishwa hata herufi moja.