Pasha kiungo, usipashe risasi: tochi ya mchimbaji kwenye meza ya mwanafunzi wa Songwa

Tochi ya kichwani inayowaka ukiipiga kofi na kuzimika ukiinama ina ugonjwa unaojulikana. Betri nzima, taa nzima, swichi nzima. Kilichokufa ni kiungo kimoja cha risasi ya kulehemu kilichopasuka, au ambacho hakikukamata tangu siku kilipotoka kiwandani. Kwa mtu anayeshuka kwenye duara, yaani shimo la machimbo, kuzimikiwa na taa katikati ya kamba ni hatari ya maisha. Kwa sababu hiyo naichagua tochi hii, badala ya simu, iwe somo la kwanza la kijana wa Songwa anayetaka kujua kulehemu. Viungo vyake ni vichache na vikubwa, na kosa lake linaonekana kwa macho.

Songwa iko Kishapu, jirani na Mwadui ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Ukishika njia ya magharibi unaikuta Kahama, na ukipanda kaskazini-magharibi unaingia Geita. Ukanda wote huu tochi ya kichwani ni chombo cha kazi kama sururu, na fundi anayejua kuirudisha hai hakosi mteja.

Kabla ya kushika pasi ya kulehemu, kuna jambo la kuogopa. Tochi nyingi za bei nafuu hazina transfoma. Zinashusha umeme wa volti 230 kwa kapasita moja tu, kwa hiyo zikiwa kwenye chaji bodi nzima inaweza kuwa na umeme wa ukutani, hata ule waya unaoenda kwenye betri ya volti 4. Chomoa plagi kwanza, subiri, kisha gusanisha pini zake mbili kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki ili kapasita imwage ilichobakiza. Hapo ndipo uifungue.

Sasa tazama upande wa chini wa bodi kwa lenzi, ukiigeuzageuza kwenye mwanga wa jua. Tafuta mahali soketi ya chaji na nyaya za betri zinapoingia. Kiungo kibovu huonyesha duara jembamba jeusi kuzunguka mguu wa kifaa, wembamba wa unywele. Huo ni ufa. Mguu unasimama ndani ya risasi bila kushikwa, na kila plagi inapochomekwa na kuchomolewa ufa unaongezeka. Ukitikisa soketi kwa kidole utauona mguu ukicheza peke yake huku risasi imetulia.

Mwanafunzi akiona ufa huo, kitu cha kwanza anachofanya ni kuyeyusha risasi kwenye ncha ya pasi, kuibeba mpaka kwenye bodi na kuipaka juu ya ufa. Inakaa pale kama kidonge, anapuliza, anafunga tochi. Kesho inarudi. Kisha linafuata swali ambalo kila fundi amelisikia: “Fundi, mbona risasi haikamati?”

Haikamati kwa sababu mbili, na zote zimo katika ile safari fupi ya kutoka kwenye ncha hadi kwenye bodi. Ya kwanza ni joto. Waya wa risasi wa aina ya 60/40, yaani bati asilimia 60 na risasi asilimia 40, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi na kuwa majimaji kabisa karibu na 190. Lakini kuyeyuka si kukamata. Ili bati liungane na shaba, shaba yenyewe lazima ipate joto hilo. Risasi ya moto ikidondoka juu ya shaba baridi inaganda pale inapogusa, na kinachobaki ni vitu viwili vilivyolaliana.

Ya pili ni flaksi. Ndani ya waya wa risasi kuna utomvu wa msonobari uliosafishwa, na kazi yake ni kuondoa kutu nyembamba ambayo shaba hujivika hewani, hasa ikipashwa. Anayejua kazi ya dhahabu hahitaji maelezo marefu hapa: boraksi inayotupwa kwenye chungu wakati wa kuyeyusha dhahabu inafanya kazi ya jamii hiyohiyo, inayeyusha uchafu ili metali ibaki safi. Tofauti ni kwamba flaksi ya kwenye waya ni kidogo mno na inaungua haraka. Risasi iliyobebwa kwenye ncha inafika kwenye kiungo flaksi yake ikiwa imeshatoka kama moshi. Ule moshi mweupe unaopanda njiani ndiyo dawa inayopotea.

Basi kazi igeuzwe. Ondoa risasi ya zamani kwa utepe wa shaba uliosukwa, safisha kwa spiriti, kisha weka ncha ya pasi iguse mguu wa kifaa na shaba ya bodi kwa pamoja. Hesabu sekunde moja au mbili. Leta waya wa risasi kutoka upande wa pili, uguse kiungo, usiiguse pasi. Kikiwa kimepata moto, kiungo chenyewe kitaiyeyusha na utaiona risasi ikikimbia kuzunguka mguu. Toa waya kwanza, halafu pasi, na usitikise chochote mpaka kigande. Kiungo kizuri kina mteremko uliobonyea kidogo ndani, kutoka kwenye mguu hadi ukingo wa shaba. Kibovu kinatuna kama tone la maji juu ya jani lenye nta. Wengine hufundisha kutazama mng’ao, nami sikubaliani nao: risasi isiyo na madini ya risasi, iliyoenea baada ya Umoja wa Ulaya kuanza kutekeleza marufuku yake Julai 2006, huganda ikiwa imefifia hata kiungo kikiwa imara. Umbo ndilo la kuamini.

Mwanafunzi anaweza kufuata yote hayo na bado risasi isikimbie. Hapo nachukua mita na kupima umeme wa ukutani kabla ya kumlaumu. Pasi za bei ya chini hazina kidhibiti cha joto. Ni waya wa kupasha tu ndani ya bomba, na nguvu yake hushuka kwa mraba wa volti. Pasi ya wati 40 iliyotengenezwa kwa volti 230, ikipewa volti 180 jioni wakati kijiji kizima kimewasha na mashine ya kusaga inavuta, inatoa wati 24 na nusu hivi. Itayeyusha risasi na kumdanganya mtu, lakini ikigusa shaba pana ya upande hasi wa betri inapoa palepale. Kijana atang’ang’ania sekunde kumi, na mwisho shaba inabanduka kwenye bodi. Fanya kazi asubuhi umeme ukiwa umesimama vizuri, au tafuta pasi ya wati 60 kwa viungo vipana. Ukae pia mahali pasipopigwa na upepo moja kwa moja, maana upepo wa Kishapu wakati wa kiangazi unaiba joto na kuleta vumbi.

Ncha ya pasi inaharibiwa na wengi kwa nia njema. Ikiwa nyeusi haipitishi joto, na mtu anachukua tupa. Kama ncha ni shaba tupu, tupa inafaa. Kama imevikwa chuma kwa juu, na za kisasa nyingi ndivyo zilivyo, tupa inaondoa lile vazi, na bati linaanza kuila shaba ya ndani mpaka patoboke. Ifute kwenye sponji yenye unyevu na uivike risasi mpya kila mara, hata unapoizima.

Mafundi wa mabati na rejeta wana asidi yao ya kusafishia, na wapo wanaoazima maji ya betri. Katika bodi, hapana. Asidi inabaki chini ya vifaa na kula shaba kwa wiki na miezi, na tochi inakufa tena mahali pengine kabisa.

Betri nayo ichunguzwe kabla ya kuguswa. Ile ndogo ya risasi ya volti 4 ina masikio ya kulehemu na inavumilia mguso mfupi. Ya lithiamu, ile ya mviringo ya volti 3.7, usiilehemu mwilini. Joto likipenya ndani inaweza kuvimba au kuwaka moto. Lehemu kwenye vipande vya metali ilivyokuja navyo, na kama havipo tumia kishikizo cha betri.

Moshi unaouvuta si madini ya risasi, kwa sababu yenyewe huchemka juu ya nyuzi 1,700 na pasi haikaribii joto hilo. Ni moshi wa flaksi, nao unawasha kifua na unaweza kuleta pumu, kwa hiyo dirisha liwe wazi. Risasi huingia mwilini kwa njia ya vidole. Mwaka 2010 katika jimbo la Zamfara, Nigeria, vumbi la mawe ya dhahabu yenye risasi, yaliyosagwa majumbani, liliua watoto wasiopungua 400. Meza ya kulehemu haitoi vumbi la kiasi hicho, lakini madini ni yaleyale. Osha mikono kwa sabuni kabla ya ugali, na mabaki ya risasi yasikae watoto wanapocheza.

Kiungo kikishapoa, uvute waya taratibu kwa koleo ndogo. Ukishika, weka gundi ya moto pale waya unapoingia kwenye kasha ili mvutano wa kila siku ubebwe na gundi, kwa sababu risasi ni laini na haikuumbwa kubeba mzigo. Funga skrubu zote, iweke kwenye chaji, halafu iwashe na uitikise kwa nguvu kuliko mchimbaji atakavyoitikisa akiwa kwenye kamba. Ikipepesa hata mara moja, ifungue tena.