Printa Ipo, Anwani Imehama

Printa ya waifai ikigoma, watu wa nyumbani huanza kuilaumu mashine. Katriji hutolewa na kurudishwa, programu hufutwa na kupakuliwa upya, na mwishowe mtoto hutumwa steshenari na flashi mkononi. Mara nyingi mashine haina kosa lolote. Imewaka, imeshika mtandao, inasubiri kazi. Kilichobadilika ni anwani yake, na kompyuta bado inapeleka kazi kwenye anwani ya zamani.

Kufunga printa kwenye mtandao wa nyumbani kuna mambo matatu ndani yake: rauta kuipokea printa, kompyuta kuiona, na njia kati ya kompyuta na printa kubaki palepale hata wiki ijayo. Maelekezo yanayokuja ndani ya boksi kwa kawaida hujikita kwenye la kwanza. La tatu ndilo linalotesa nyumba nyingi, na ndilo linalostahili muda.

La kwanza hukwama zaidi kwenye masafa. Rauta nyingi za leo hurusha mawimbi ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5, na printa nyingi za bei nafuu husikia yale ya 2.4 peke yake. Ikiwa rauta imeyapa majina tofauti, na simu inayotumika kuifunga printa imekaa kwenye mtandao wa 5, simu hiyo huikabidhi printa jina la mtandao ambao printa haiwezi kuuona. Nywila ni sahihi, jina ni sahihi, na bado inakataa. Dawa ni kuihamishia simu kwenye 2.4 wakati wa kufunga tu. Baada ya hapo inaweza kurudi kwenye 5 na kuchapa bila tatizo, kwa sababu kwa mipangilio ya kawaida rauta hupitisha mazungumzo kati ya pande hizo mbili.

Wasiopenda kuandika nywila kwenye kiskrini cha printa hutumia kitufe cha WPS: kinabonyezwa kwenye rauta, kisha kwenye printa ndani ya dakika mbili. Hilo halina ubaya mkubwa. Cha kuzima ni WPS ya namba ya siri. Mwishoni mwa mwaka 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kwamba namba hiyo ya tarakimu nane hukaguliwa nusu kwa nusu, hivyo mvamizi anahitaji majaribio yasiyozidi 11,000 kuipata.

Jambo la pili, jinsi kompyuta inavyoiona printa, ni kazi nzuri ya uhandisi, na inafaa kusifiwa. Zamani anayefunga printa ya mtandao mara nyingi alilazimika kuiandikia kompyuta anwani kwa mkono. Stuart Cheshire, mhandisi wa Apple, alipigania wazo kwamba vifaa vilivyo kwenye mtandao mmoja vijitambulishe vyenyewe, bila seva na bila fundi. Kazi hiyo iliingia kwenye Mac OS X 10.2 mwaka 2002 kwa jina la Rendezvous, ikaitwa Bonjour kuanzia mwaka 2005, na kanuni zake zikachapishwa Februari 2013 kama RFC 6762 na RFC 6763. Inavyofanya kazi ni hivi: kompyuta hutuma swali kwenye anwani ya pamoja 224.0.0.251, poti 5353, kuuliza nani hapa anaweza kuchapa. Printa hujibu kwa jina lake, mahali ilipo na mambo inayoyaweza, iwe rangi au kuchapa pande mbili. AirPrint, iliyokuja na iOS 4.2 mwezi Novemba 2010, imesimama juu ya mazungumzo hayohayo. Kwa simu za Android kuna muungano wa Mopria, ulioanzishwa mwaka 2013 na Canon, HP, Samsung na Xerox.

Lakini swali hilo lina mpaka. Halivuki kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, na limeundwa lisivuke. Hapo ndipo nyumba za Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi zinapoingia kwenye shida ambayo wengi hawaijui jina.

Kampuni ya intaneti imeleta waya wa faiba na kufunga kisanduku chake sebuleni. Mawimbi hayafiki vyumba vya nyuma, kuta za tofali zinayazuia, basi mwenye nyumba ananunua rauta ya pili na kuichomeka kwa waya kwenye ile ya kwanza. Intaneti inafika kote, kila mtu anafurahi. Kumbe sasa nyumba ina mitandao miwili. Visanduku vingi vya faiba vya Huawei hugawa anwani zinazoanza na 192.168.100, na rauta nyingi za TP-Link hugawa zinazoanza na 192.168.0 au 192.168.1. Printa iliyo sebuleni iko kwenye mtandao wa kwanza, laptopu ya chumbani kwenye wa pili, na swali la "nani anachapa?" linaishia kwenye rauta ya chumbani. Kufuta draiva na kuiweka upya hakusaidii chochote. Namna ya kugundua ni kulinganisha anwani ya laptopu na ile iliyo kwenye ukurasa wa taarifa za mtandao ambao printa huuchapa yenyewe: sehemu tatu za mwanzo zikitofautiana, ndiyo hiyo. Tiba yake ni kuingia kwenye mipangilio ya rauta ya pili na kuigeuza iwe kituo cha kurusha waifai tu, iache kugawa anwani zake. Rauta nyingi zina chaguo hilo, na kazi yenyewe haichukui muda mrefu.

Mtandao wa wageni huleta matokeo hayohayo, maana umetengwa makusudi na vifaa vya nyumbani. Laptopu ya Windows iliyoambiwa kwamba waifai ya nyumbani ni mtandao wa hadhara nayo huacha kutafuta vifaa vya jirani. Zote mbili hurekebishwa kwenye mipangilio.

Sasa lile la tatu. Rauta hugawa anwani kama mhudumu wa gesti anavyogawa vyumba: anayeingia hupewa kilicho wazi, kwa muda maalumu. Umeme ukikatika na kurudi, vifaa vyote huamka kwa pamoja na kuomba upya, na rauta ambayo haikuhifadhi daftari lake huweza kuipa simu ya mtu ile anwani inayoishia na .5 iliyokuwa ya printa na kuipeleka printa kwenye .8. Kompyuta iliyokariri .5 inaandika kwamba printa haipo hewani. Kwenye nyumba ambayo umeme hukatika mara kwa mara, hili si ajali ya nadra. Ni ratiba.

Suluhisho ni kuitengea printa anwani moja ya kudumu, na mahali pa kufanya hivyo ni kwenye rauta. Kila kifaa cha mtandao kina anwani ya MAC, herufi na tarakimu 12 kilizopewa kiwandani. Rauta huambiwa kwamba mwenye MAC hii apewe anwani ile siku zote. Wapo mafundi wanaoiandika anwani ndani ya printa yenyewe. Inafanya kazi, ila siku familia inapohama kampuni ya intaneti na kupokea rauta yenye mpangilio mwingine, printa hubaki imeshikilia anwani isiyo na mtandao, na anayekumbuka jinsi ya kuibadilisha huwa hayupo.

Kwa watumiaji wa Windows kuna hatua moja zaidi. Windows ikiikuta printa yenyewe, mara nyingi huiunganisha kwa poti ya WSD, ambayo hutegemea printa kujitangaza na huyumba mashine ikilala kuokoa umeme. Baada ya anwani kutengwa, afadhali kuiongeza printa upya kwa poti ya TCP/IP, na kuiandika anwani ile. Ikiendelea kuonyeshwa kwamba haipo hewani wakati inachapa, kwenye mipangilio ya poti hiyo kuna alama ya tiki ya SNMP: ikiondolewa, Windows huacha kuuliza hali ya printa kwa njia ambayo mashine nyingine hazijibu vizuri.

Anwani ya kudumu ibaki ndani ya nyumba. Mwezi Februari 2017 mdukuzi aliyejiita Stackoverflowin alichapisha ujumbe kwenye printa ambazo alidai zilifika 150,000 duniani. Hakuhitaji kuvunja nywila. Wenyewe walikuwa wameacha poti kama 9100 wazi kuelekea intaneti. Anayetaka kuchapa akiwa safarini ajitumie faili kwa barua pepe na kulichapa akirudi.

Nani basi anunue nini? Septemba 2023 Microsoft ilitangaza kwamba itaacha hatua kwa hatua kusambaza draiva za watengenezaji wa printa kupitia Windows Update, na kuegemea uchapaji wa IPP, njia ileile ya AirPrint na Mopria, unaotumia draiva moja ya Windows. Kwa hiyo anayechagua mashine Kariakoo au Luthuli Avenue, hasa iliyokwishatumika, aangalie kwanza kama imeandikwa AirPrint au Mopria. Na mwenye printa nzuri ya waya wa USB asikimbilie kuitupa. CUPS, programu ya uchapaji aliyoianzisha Michael Sweet na ambayo Apple iliinunua mwaka 2007, hufanya kazi kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi. Printa ikichomekwa hapo, na ikiwa CUPS inayo draiva yake, kompyuta hiyo huitangaza kwenye mtandao kwa Bonjour, na iPhone huiorodhesha pamoja na printa nyingine za AirPrint.